Askari, Mbwa wa Bibi

Tende zikidondoka zikaachwa chini ya mtende huchacha, na harufu yake ni ya siki na asali kwa pamoja. Watu wengi hapa Nizwa wanaipenda kwa sababu huwakumbusha mavuno. Mimi ikinifika puani tu, hata niwe nimeshavaa niko njiani kwenda kazini, hurudi ndani kumtafuta paka wangu. Mume wangu hunicheka. "Wenzio wakisikia harufu ya tende wanatafuta kahawa," huniambia, "weye unatafuta paka." Na acheke. Yeye hakulelewa na Bibi yangu, wala hakuwapo kwetu Ibra vuli ile.

Nasema vuli kwa sababu Bibi ndivyo alivyosema. Huku kwetu mvua ya vuli haiko, lakini Bibi alizaliwa Tabora, akaolewa Tabora, akazaa Tabora, na alipoletwa Omani na wanawe alikuwa mtu mzima ambaye hawezi tena kufundishwa majina ya miezi. Msimu wa tende ukisha, joto likianza kulegea, watu wakaanza kutafuta shuka za kujifunika alfajiri, kwake hiyo ilikuwa vuli. Ukimwambia mbona mvua hainyeshi, anakujibu kwamba imekawia njiani.

Na vuli, kwa mujibu wa Bibi, ndiyo iliyokuwa adui wa mbwa na paka. Joto kali halimuui mnyama, alisema, kwa sababu mnyama analiona na kujificha. Kunapopoa ndipo anapotoka akazurura, na ndipo kila baya linapotoka naye. Kupe wanaamka kwenye zizi la mbuzi. Panya wanaingia kwenye maghala ya tende, wenye tende wanatega sumu, panya anakula sumu, paka anakula panya. Mbweha nao wanashuka kutoka vilimani usiku kuja kulamba zile tende zilizochacha, na wakikutana na mbwa hawapeani salamu. Kwa hiyo vuli ikiingia Bibi alikuwa na kazi kuliko Baba aliyekuwa na ofisi. Aliamka akafagia tende chini ya kila mtende, akazunguka kwa majirani kuuliza nani katega sumu na wapi, na jioni akakaa kwenye kigoda chake kuwachambua wanyama wake kupe, mmoja mmoja, akiwatumbukiza ndani ya kopo la mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyeshika kopo.

Wanyama wenyewe walikuwa wawili. Nunu alikuwa paka wa kijivu, mwenye kiburi, ambaye kila mtu alimpenda. Askari alikuwa mbwa wa rangi ya udongo ambaye hakuna aliyempenda isipokuwa Bibi na mimi. Bibi alimwokota akiwa kitoto bado hakijafumbua macho, kando ya wadi, ule mto mkavu nyuma ya shamba letu, akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Kule Tabora marehemu Babu alikuwa na duka, na duka lililindwa na mbwa, na Bibi aliwajua mbwa kama wanawake wengine wanavyojua hariri. Mama yangu yeye alikuwa mtoto wa mjini Unguja. Kwake mbwa ni najisi inayotembea, na nyumba yenye mbwa malaika hawaingii.

"Malaika wenu wa Unguja wanachagua sana," Bibi alimwambia siku moja. "Wetu wa Tabora walikuwa wanapita tu."

"Toba yarabi! Mama, usikufuru mbele ya mtoto."

Walikuwa hivyo siku zote, mkwe na mkwe, kisu na kinoo. Baba alikuwa mwana wa mmoja na mume wa mwingine, mtu mpole asiyependa ugomvi, na alikwishatoa hukumu yake zamani: mbwa akae shambani, asikanyage kizingiti cha nyumba, na siku atakayomuuma mtu, ataondoka. Wote wakakubali. Mimi nilidhani kuondoka ni kupelekwa shamba jingine, pengine la watu wema zaidi. Bibi alijua maana yake ni bunduki.

Bibi alimpenda mbwa wake lakini dini yake hakuichezea. Askari alikuwa na sufuria yake na kamba yake, na pakitokea bahati mbaya akalamba chombo chetu, chombo kilioshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Kumimina maji ilikuwa kazi yangu. Nilihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na nikifika saba Bibi husema "Alhamdulillahi," chombo kinarudi kabatini kana kwamba hakikutokea kitu. Nilikuwa na umri wa kuanza kusoma juzuu, na katika mambo yote niliyofundishwa hilo ndilo lililoniingia zaidi. Lilikuwa na mwanzo na mwisho. Uchafu ulikuwa kitu unachoweza kukihesabu mpaka kikaondoka.

Vuli ile Askari alikata kamba. Asubuhi tulimkuta mlangoni pa shamba, sikio limechanika, shingoni ana majeraha madogo madogo. Bibi akasema ni mbweha, akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka manjano na samli. Mama alisimama mbali ameziba pua kwa mtandio. Majeraha yakakauka, na mbwa akarudi kubweka kama desturi yake. Tukasahau. Bibi alibadilisha kamba akaweka nene zaidi, na akazidi kuwasumbua majirani kwa habari ya sumu, maana paka wa nyumba ya pili alikuwa amekufa akitoka povu.

Wiki kadhaa zikapita, na Askari akabadilika. Aliacha kunipokea. Alijipenyeza nyuma ya tangi la maji, mahali penye giza, na nilipomwita aliinua midomo akanionyesha meno kimyakimya. Sufuria yake ilibaki imejaa. Mate yalimtoka nyuzinyuzi mpaka kifuani, nami nilidhani analia kwa mdomo kwa kuwa mbwa hawezi kulia kwa macho.

"Sumu hii," Bibi akasema. "Nimewaambia watu mpaka koo limekauka. Kaokota panya."

Baba alikuwa kazini na Mama alikuwa ndani anafua. Bibi akayeyusha samli kwenye maziwa, dawa yake ya kumtapisha mnyama aliyekula sumu, akachuchumaa mbele ya Askari, akaingiza mkono wa kushoto kufungua taya kama alivyokwishafanya mara nyingi. Askari hakubweka wala hakunguruma. Aliuma tu, akaachia, akarudi nyuma ya tangi.

Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Aa, Askari," kama unavyomwambia mtoto aliyevunja kikombe. Damu ilimtoka kati ya kidole gumba na kidole cha pili, ikadondokea kwenye maziwa. Halafu akanitazama.

"Lete birika la kutawadhia. Na mamako usimwite."

Akachota udongo chini ya mndimu, akajisugua nao jeraha, mimi nikamimina. Nikaanza kuhesabu, akaniambia nihesabie moyoni. Moja ya udongo, kisha mbili, tatu. Maji yalitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Nilipomaliza ya sita birika likawa tupu. Nilikuwa nimeinuka kwenda bombani tuliposikia ndara za Mama zinakuja upande wetu, na Bibi akachana upindo wa kanga kwa meno, akajifunga mkono upesi.

"Imetosha," akasema.

"Bado moja, Bibi."

"Imetosha, mjukuu wangu. Mungu si karani."

Mama alipouliza, aliambiwa ni chuma cha chapati kimemuunguza. Mama akaleta asali ya kupaka, Bibi akasema ameshapaka. Mambo yakaishia hapo, kwa wao.

Kwangu mimi ndiyo yalikuwa yanaanza. Ninataka nieleze sawasawa nilichokuwa nakifikiri, kwa sababu ndicho kilichotufaa baadaye. Sikufikiria meno hata kidogo. Kuumwa kulikuwa jambo lililopita. Damu ilikwisha na kidonda kitapona kama cha Askari kilivyopona. Kilichonitisha ni ile ya saba. Adhuhuri Bibi alitandika mswala akasali, nami nikamtazama kutoka mlangoni nikijua kwamba sala ile haifiki popote. Alasiri vivyo hivyo. Nikawaza kwamba atafufuliwa siku moja na mkono ule mmoja, na ataulizwa, na mimi niliyekuwa nimeshika birika nitaulizwa pia. Jioni akakanda unga wa chapati kwa mikono miwili, kitambaa kikiingia kwenye unga, na nikaona najisi inaenea nyumba nzima kama mafuta juu ya maji.

Sikula. Kesho yake sikula tena kitu chochote kilichopita mkononi mwake. Mama akanigusa paji la uso, akasema sina homa, akasema labda jicho la watu, akanisomea. Bibi alikuwa anajua kuna kitu lakini hakujua ni nini. Alinichagulia tende nzuri kuliko zote sahanini, akaitoa kokwa, akaniletea mwenyewe mkononi kama alivyonifanyia tangu sijaota meno. Nikaficha mikono yangu mgongoni. Alikaa na ile tende muda mrefu, kisha akaila yeye. Moyo uliniuma, na bado unaniuma nikimkumbuka uso wake.

Na huku nyuma ya tangi Askari alikuwa anazidi. Miguu ya nyuma ilikuwa inamlegea. Bibi alimwekea maji, Askari akayatazama, akatetemeka, akageuza kichwa. "Sumu inataka siku zake," Bibi akawa anasema, lakini alikuwa anasema peke yake, bila ya kuulizwa.

Magharibi ya siku hiyo Baba alikuwa na mafua hakwenda msikitini, akatusalisha nyumbani. Tulipanga safu nyuma yake, Mama upande mmoja, Bibi upande wa pili, mimi katikati. Bega la Bibi likanigusa. Baba akainua mikono, na mimi nikapasuka kulia.

"Baba usianze! Sala ya Bibi haisihi!"

Baba akageuka. Mama akanishika mkono. "Mtoto huyu kapatwa na nini leo?"

"Ana najisi ya mbwa. Nilimmiminia mara sita tu, maji yakaisha, na zinatakiwa saba. Askari alimtia meno na tukamwosha mara sita!"

Nakumbuka Baba alianza kutabasamu aliposikia hesabu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Alikuwa ameyasikia meno. Akakaa chini hapo hapo juu ya mswala.

"Mama, hebu niuone mkono."

"Nimeungua na chuma."

"Mama."

Bibi akafungua kitambaa taratibu. Jeraha lilikuwa limevimba, na chembe za udongo wa mndimu bado zilikuwa ndani yake. Mama akasema "Yarabi" kwa sauti ndogo, akanivuta kwake.

"Mbwa anakula?" Baba akauliza.

"Amekula sumu, atakulaje?"

"Na maji? Anakunywa maji?"

Nilikuwa mtoto lakini niliuona uso wa Bibi ukibadilika, na leo ninajua kilichompita. Tabora waliwajua mbwa wenye kichaa. Alikwishawahi kuona mtu aliyeumwa na mmoja wao, jirani, fundi wa baiskeli, jinsi alivyokufa. Alikuwa analijua jambo hili na amelifungia chumba ndani ya kichwa chake, kwa sababu upande wa pili wa mlango palikuwa na Askari na bunduki.

"Khalas, twende mustashfa, kwa daktari," Baba akasema. "Sasa hivi. Kuna sindano."

"Siendi."

"Mama, ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa. Hauna kabisa. Utakufa."

"Nikienda wataniuliza mbwa yuko wapi, na alfajiri watakuja kumpiga. Nimemlea tangu hajafumbua macho. Halafu si kichaa, ni sumu. Na nimeshajiosha, mara saba."

"Sita," nikasema, nikilia.

Baba alimbembeleza, akamsihi kwa jina la Babu, akapiga magoti. Mtu mzima hawezi kumbeba mama yake kama gunia akamtia garini, hasa mama kama yule. Magharibi ilikuwa inatupita sote tumesimama. Mama ndiye aliyetoka. Nilidhani amekasirika anakwenda zake jikoni, maana ndiyo ilikuwa desturi yake ugomvi ukizidi. Akarudi na birika, beseni na kipande cha sabuni, akakaa mbele ya Bibi, akaushika mkono ule ambao juzi tu asingekubali kugusa hata nguo iliyoupitia. Akauosha. Aliuosha kwa muda mrefu, akifungua jeraha kwa vidole vyake mwenyewe mpaka udongo wote ukatoka, na Bibi akauma midomo asitoe sauti.

"Hii ya saba," Mama akasema. "Sala yako sasa imesihi. Imebaki roho yako."

"Niache, mwanangu."

"Siachi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Inuka uende na mwanao, na mbwa wako n'tamkalia mie."

Bibi akamtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Weye?"

"Mie. Hapigwi bunduki na mtu mie nikiwapo. Mpaka urudi, au mpaka siku yake ifike."

"Utaapa?"

"Wallahi l-adhim."

Bibi akainuka, akavaa buibui lake. Sikuelewa hata kidogo kwa nini Baba alikuwa analia akitafuta funguo za gari, na ya saba imeshapatikana.

Asubuhi yake gari la serikali lilisimama mlangoni pa shamba, ndani yake watu wawili, mmoja ana bunduki. Mama alikuwa hapo tangu baada ya alfajiri. Alikuwa amekaa juu ya kreti la tende, mbali kidogo na tangi, na mkononi ana fimbo ya kuti. Mimi alinipandisha juu ya dari, kwenye paa la nyumba, akanikataza kushuka, kwa hiyo niliona yote na kusikia mengi. Aliwaambia kwa Kiarabu kwamba amemwapia mkwewe na hawezi kuvunja kiapo, kwamba mbwa amefungwa na geti limefungwa, na hakuna atakayepita. Mwenye bunduki akaanza kukasirika. Mwenzake, aliyekuwa mtu mzima zaidi, akachungulia juu ya ukuta akamtazama Askari, ambaye wakati huo hakuweza hata kuinua kichwa, taya limening'inia.

"Tutangoja, binti yangu," akamwambia. "Haitakuwa muda mrefu. Usimsogelee tu."

Wakarudi garini wakangoja. Ni mtu mwema yule, popote alipo.

Mama alikaa. Jua likapanda, akajisogeza kwenye kivuli na kuendelea kukaa. Kuna wakati Askari alitupatupa miguu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama, na Mama akainuka, akasimama, akakaa tena. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "dude lenu" na "mnyama wa mamako". Sasa nikamsikia anazungumza naye, sauti ile ile aliyonisemesha mimi nikiwa na homa.

"Tulia, Askari. Tulia, baba. Bibi yako anakuja. Tulia."

Ilipokaribia adhuhuri akatulia. Mama akasoma kitu, sijui kama chasomwa kwa mbwa, akawafungulia wale watu geti. Walivaa glavu, wakamchukua kwenda kumpima, wakasema tukimwagie dawa kile kipembe chote. Nunu naye alifungiwa chumba cha nje kwa muda mrefu, akadungwa, akatazamwa, akawa analia usiku na mchana kwa hasira, lakini alisalimika.

Bibi aliporudi alikuwa amedungwa mkononi na kwenye jeraha lenyewe, na sindano nyingine zilikuwa zinamngoja, kila moja na siku yake. Hakukaa kitako kwanza. "Nani kamuua?" akauliza.

"Hakuuliwa na mtu," Mama akasema. "Alikufa mwenyewe, nami namtazama."

"Weye ulimtazama?"

"Nilimtazama na nikamwita jina lake."

Hapo ndipo Bibi alipolia. Alimwangukia Mama begani, akalia mpaka mtandio wa Mama ukalowa, na Mama, ambaye siku zote alisema watu wa bara hawajui kuficha mambo yao, akalia naye.

Majibu yalipokuja yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Nilimsikia Baba akimweleza Mama jikoni: mbwa alikuwa na kichaa kweli; sindano zimechelewa kuanza kuliko ilivyotakiwa; daktari amesema pengine zimewahi, pengine hazikuwahi, na hakuna kipimo. Ni kungoja tu, wiki, hata miezi. Dalili yake kubwa, mgonjwa anaogopa maji. Mimi nikafikiri ni maji ya bahari. Nikashukuru kwamba Ibra haina bahari, na nikaazimia kwamba tukialikwa harusi Sur, kule pwani, nitasema ninaumwa ili Bibi abaki nyumbani na mimi.

Lakini nyumba ilikuwa inanifundisha vingine. Bibi akishika kikombe, kila kitu kinasimama. Baba anaacha kutafuna. Mama anashika mwiko juu ya sufuria bila ya kukoroga. Kikombe kinapanda, kinagusa midomo, koo linacheza, kinashuka, ndipo maneno yanapoendelea pale pale yalipokatika. Nilichukua muda kuunganisha, na nilipounganisha sikulala vizuri tena. Nilianza kumpelekea maji hata hayakuombwa. Nilisimama mbele yake na glasi mpaka anywe.

Bibi alivumilia kadiri alivyoweza. Mchana mmoja, tukiwa tumekaa kula wali na papa, akainua kikombe na sote tukanyamaza, akakiweka chini. Akainuka akaenda kwenye mtungi, akachota kata imejaa, akanywa yote kwa mkupuo mmoja, maji yakimtiririka kidevuni mpaka kwenye kanga.

"Haya," akasema, akijifuta. "Kuleni. Wali unapoa."

Tukala. Baba akacheka mpaka akapaliwa, na nadhani tangu siku ile yeye aliacha kuogopa. Vuli ikapita, baridi ikaja ikapita, mitende ikachanua upya. Daktari akasema muda umekuwa mrefu, tumshukuru Mungu. Bibi hakufuga mbwa mwingine. Kila vuli alimtia Nunu ndani ya kikapu cha makuti, akamwamuru Baba ampeleke akadungwe, na majirani walikuja kuzoea kusikia kikapu kinatukana kikipita njiani. Walipomcheka aliwaambia kwamba mwenye mnyama asiyemkinga hana mnyama, ana msiba ambao bado haujatangazwa.

Mama peke yake ndiye ambaye hakuacha. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaolewa Nizwa, na kila niliporudi nyumbani niliona jambo lile lile: Mama yuko katikati ya hadithi, mikono hewani, Bibi anainua kikombe, na hadithi inakatika mpaka amemeza. Nilimuuliza kwa nini, na akaniambia ni mazoea tu. Waliendelea kugombana, usidhani. Waligombana juu ya chumvi, juu ya nazi, juu ya nani alimharibu mtoto yupi. Lakini maneno yao yalikuwa yamepoteza makali.

Bibi alikufa kwa uzee, kitandani kwake, miaka mingi baadaye. Wiki ile ya mwisho nilikuwapo. Alikuwa amebaki mdogo kama mtoto, na kumeza kumekuwa kazi, kama inavyokuwa kwa wazee. Mama alimnywesha maji kwa kijiko. Jioni moja maji yalimpalia, Bibi akakohoa, akakisukuma kijiko kwa mkono, na nikauona uso wa Mama. Alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye wajukuu, na alijua vizuri sana kwamba yale yalikwisha zamani na daktari alikwishasema. Lakini alikisahau kijiko mkononi mpaka maji yakamwagika kwenye shuka.

Bibi alimwona. Alimtazama, akipumua kwa shida, kisha akafungua mdomo na kuashiria aletewe tena. Mama akachota. Bibi akayashika maji mdomoni, akafumba macho, akakusanya nguvu zote zilizokuwa zimebaki katika mwili ule, akameza.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona, Mama," Mama akasema.